Bendera ya Bluu na Nyekundu

Fundi wangu wa nguo hapa mtaani Rosettenville, kusini mwa Afrika, ni mama wa Kikongo, mzaliwa wa milima ya Uvira. Wiki iliyopita nilikuwa kwake kupunguziwa suruali, akaingia bibi mmoja wa Kizungu mwenye vitambaa viwili, bluu na nyekundu. Aliomba ashonewe bendera ya kufunika jeneza la kaka yake.

“Bluu ikae juu,” alisema, akionyesha kwa kiganja.

“Ni ya nchi gani, mama?” fundi akauliza.

“Si ya nchi. Ni ya watu wetu, Wajerumani wa Transilvania, huko Romania. Tulikaa huko karne nane. Vita vya pili vya dunia vilipokaribia kwisha, baba alipelekwa Urusi kufanya kazi za shuruti kwa sababu ni Mjerumani. Tulipohamia Ujerumani, majirani wakatuita Waromania.”

Fundi aliacha kupima. “Sisi wa milimani, kwa kuwa lugha yetu inafanana na ya Rwanda, kwetu Kongo tunaitwa Wanyarwanda. Nilipokimbilia Rwanda, wakaniita Mkongo.”

“Na bendera yenu ikoje?”

“Hatuna. Tukishona moja, eish, watasema tunataka kukata nchi.”

Bibi akamshika mkono. Mimi, ambaye sijawahi kuulizwa mara mbili kwetu ni wapi, nilimwambia fundi suruali yangu isubiri. Fundi akaweka suruali yangu kando, akaanza kushona bendera palepale.

Jumamosi nilirudi nikakuta pamefungwa. Msusi wa mlango wa pili aliniambia fundi ameenda mazishini.

“Kafiwa na nani?”

“Sijui. Alisema ni mtu wa kwao.”