Rangi ya Maji ya Kunde

Mie ni mwanamke wa sokoni. Nauza vitambaa Kinondoni, na kuomba kupunguziwa kwangu ni kama kupumua. Hata daktari nimewahi kumwambia apunguze kidogo. Kwa hiyo fundi wa magari ya kale aliponitajia bei ya kulifufua gari la marehemu baba, sikupiga kelele. Nilicheka, nikasubiri na yeye acheke. Hakucheka.

"Mzee wangu," nikamwambia, "unanirudishia gari langu au unaniuzia upya?"

"Nakutajia kazi, mwanangu. Bei ikipungua na kazi itapungua, nami kazi pungufu sikufundishwa."

Alikuwa mzee wa Kiarabu, mzaliwa wa palepale Kinondoni, kofia ya viua kichwani imeingia grisi mpaka maua hayaonekani. Gereji aliirithi kwa baba yake. Nilishampa shikamoo yake, la sivyo ningemsonya. Nilisonya kimoyomoyo.

Ningeondoka siku ileile, lakini nyuma yangu kulikuwa na mama. Mama alikuwa anapoteza macho. Presha ya macho, daktari alisema: kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kinaaga. Akatuita wanawe, mimi na kaka yangu wa Temeke, akasema hataki safari wala sherehe. Anataka kuliona gari la baba lilivyokuwa siku baba alipokuja kumchukua kwao bara. "Na rangi yake," akasema. "Maji ya kunde. Nikishaliona, macho yakitaka kuondoka, yaondoke."

Sie watoto rangi hiyo hatukuwahi kuiona. Maisha yalipobana, kabla akili zetu hazijaanza kushika mambo, baba alilipaka rangi nyeupe akaligeuza teksi, na likafa jeupe. Alipofariki lilibaki uani kwetu Goba, kuku wakitagia siti ya nyuma. Picha zilizopo ni nyeusi na nyeupe. Rangi yenyewe ilibaki sehemu moja tu, kichwani kwa mama.

Kaka alishauri liuzwe chuma chakavu. Mama akauza kiwanja chake cha Kimbiji. Kaka alipofungua mdomo akamkatiza: "Kiwanja changu, gari langu, macho yangu. Mwenye hoja ya nne aseme."

Basi nikawa napita gereji kila nikifunga duka mapema, nimejiandaa kugombana. Hela ya mama ile, siyo ya kuchezewa. Siku ya kwanza nikamkuta mzee ana bati bapa, jipya, nyundo ya mti, na mfuko wa mchanga. Madigadi ya mbele ilikuwa imeliwa na kutu. Fundi mwingine angeziba kwa puti, akapaka rangi, akakuaga. Huyu aliikata yote akaitupa. Akaanza kugonga lile bati juu ya mchanga, polepole, anageuza, anagonga, na bati likaanza kutuna kama andazi kwenye mafuta. Halafu akafumba macho akalipapasa kwa kiganja. Akasimama mahali, akagonga mara moja. Nilipokuja kushtuka nimekaa juu ya tairi, pochi mapajani, mdomo wazi, na ugomvi wangu sijui nimeuweka wapi.

Siku nyingine akanipa kitu kidogo chenye meno, cha kupandishia kioo cha mlango. "Hiki hakiuzwi popote," akasema.

"Sasa hiki hapa umekitoa wapi?"

"Tumekichonga."

Nikakigeuzageuza kiganjani. Kitu ambacho duniani hakipo, nami nimekishika, bado kina joto la mashine! Nikasema "Subhanallah", mie mwanakwaya. Mafundi wakaangua kicheko, na mzee akanitania kwamba nikikaa pale mwezi mwingine nitafunga Ramadhani.

Mpira wa kuzunguka milango uliagizwa ng'ambo, na bei yake niliposikia niliomba maji ya kunywa. "Ukipenda boga," mzee akaanza.

"Najua, najua! Nipende na ua lake. Lakini hili ua, mzee wangu, linakula kuliko boga!"

Ikafika kwenye rangi, na hapo ndipo mambo yaliposimama. Mzee alikwangua chini ya zulia akitafuta mabaki ya rangi ya kwanza, akakuta mafuta na kutu vimeigeuza nyeusi. Akaniuliza ilikuwa rangi gani. Nikamjibu alivyosema mama: maji ya kunde.

Nilivyorudi, nikakuta jiko la mkaa katikati ya gereji na sufuria inatokota. Kunde! Mtu na akili zake amechemsha kunde, akachota yale maji kwenye glasi, akachanganya rangi mpaka ikafanana nayo. Sikucheka. Nilimwona alivyoinua ile glasi kwenye mwanga, nikamheshimu zaidi.

Nikamleta mama kwa bajaji. Akakisogeza kifuniko cha kopo kilichopakwa ile rangi mpaka karibu na pua.

"Siyo hii."

Mzee akapika kunde nyekundu. Siyo hii. Akatafuta kunde nyeusi za bara, kwa kuwa mama ni mtu wa bara, huenda na kunde zake ni za huko. Siyo hii! Kunde zenyewe hazitupwi, kwa hiyo mafundi walizila mchana kwa wali, wakazila kwa mkate, mpaka wakaomba po. Na kila safari mama alikuwa anaushika mkono wangu kwa nguvu zaidi akishuka kwenye bajaji. Nyumbani alishaanza kujigonga kwenye miimo ya milango. Niliogopa. Niliogopa tutapata gari, na rangi tutapata, na wa kuiona hayupo.

Safari ya mwisho mama alinusa, akauliza kuna nini jikoni. Nikamweleza. Jamani, aliwaka!

"Nyie watu mnapika nini? Nani kawaambia habari za mboga? Nimesema maji ya kunde, kama mtu alivyo maji ya kunde! Hamjawahi kuona mtu?" Akanishika mkono, akapandisha mkono wa gauni langu mpaka kwenye kiwiko. "Huyu kachukua ngozi ya baba yake. Baba yao alilichagua gari hilo kwa sababu limefanana na yeye, wakwe wote wakacheka. Changanya hii!"

Miaka yote naambiwa nimefanana na baba, na mie nilidhani ni pua.

Mzee akavua kofia, akairudisha. "Bibi, niruhusu niutazame mkono wa mwanao," akasema. Mama akamruhusu. Hakunigusa hata mara moja. Mie si mkewe wala dada yake, na dini yake haimruhusu. Aliniketisha mlangoni penye jua, akavipanga vifuniko vya makopo kando ya mkono wangu, akawa anaongeza tone la njano, tone la nyekundu, anasubiri likauke, anatazama. Kisha akaomba kopo la kijani.

"Kijani ya nini tena?"

"Ipo humo," akasema, akiuonyesha mkono wangu kwa kidevu.

Mkono huu nimebebea majora tangu usichana, nimefulia, nimezikia. Nikautazama. Na kweli, chini kabisa, karibu na mishipa, kijani ilikuwepo. Nilijiona mgeni kwenye ngozi yangu mwenyewe.

Rangi ilipopatana na mkono, akalipaka gari, akasugua, akapaka tena. Nikampigia kelele: "Mzee, macho hayasubiri!"

"Ndiyo maana sitaki kurudia," akanijibu.

Siku alipotuita, mama alikuwa haoni tena mbele. Kilichobaki ni kipande kidogo pembeni mwa jicho la kushoto, na ili akutazame alikuwa anageuza shingo kama kuku. Gari lilikuwa limewekwa uani, juani. Mimi nililiona kabla yake. Ni baba. Sijui niseme vipi. Ni bati, na ni baba.

Mama akasogea, akageuza shingo. Mafundi wote walikuwa wameacha kazi.

"Weka mkono," akaniambia.

Nikaulaza mkono juu ya boneti. Akainama mpaka pumzi yake nikaisikia kwenye ngozi.

"Sioni mkono wako unapoishia," akasema taratibu. "Ni macho yangu, au ni rangi?"

Nikatazama. Ilinibidi nitikise kidole ili nikione.

"Ni rangi, mama."

Akalaza shavu pale, nusu juu ya mkono wangu, nusu juu ya bati lenye joto la jua.

"Basi," akasema. "Sasa yaondoke."