Chai Tunayochuma na Chai Tunayokunywa

Siku ya wazazi katika sekondari moja upande wa Sigowet, tuliketishwa nyuma ya darasa la kidato cha tatu tuone jiografia inavyofundishwa. Wengi wetu tumepanda chai yetu juzi tu, tangu Uhuru; kabla ya hapo chai ilikuwa ya mashamba ya wazungu. Mwalimu akauliza kwa nini chai inasitawi hapa. Darasa zima likajibu kama kwaya: mvua nyingi, udongo mzuri, miteremko. Wazazi tukapiga makofi.

Mwalimu hakupiga. Aliweka chaki chini akasema, "Sasa niulizeni kitu ambacho hakiko kwa kitabu."

Kijana mmoja akainua mkono nusu. "Mwalimu, hiyo itakuja kwa mtihani?"

Ndipo msichana wa karibu na dirisha akasimama. "Mama anachuma chai kila siku. Mbona ya kunywa tunanunua dukani?"

Mwalimu akajikuna kidevu. "Hata mimi sijui vizuri. Tutatafuta pamoja."

Baba mmoja kando yangu akainuka, kofia mkononi. "Mwalimu, sisi tunalipa karo mtoto apewe majibu. Wewe unampatia maswali!" Wazazi wakaguna kumuunga mkono.

Baadaye tukapewa chai. Baba yule akainua kikombe, akakisimamisha karibu na mdomo, akachungulia ndani. Akanigeukia polepole. "Lakini hebu niambie, hii wametoa kwa shamba ya nani?"

Nami nikachungulia kikombe changu. Nilichojua ni kwamba karo imeanza kufanya kazi, na imeanza na yule anayeilipa.