Ukishauliza "Mmeelewa?", Usigeuke

Ile siku ya Makere sijaisahau, mwanangu, na leo naisimulia kwa sababu nimesikia umenuna. Wameniambia mwalimu mwenzako anataka kuja uwanjani kukutazama unavyofundisha timu yako, nawe umesema siku atakayokuja utaweka filimbi chini uende zako. Haya, nuna, ila kaa kwanza. Mimi niliwahi kununa kuliko wewe, tena kwa kelele.

Nilikuwa mwalimu mpya, binti wa miaka ishirini na ushee, nimeletwa shule ya Makere, kijijini huko wilaya ya Kasulu, kutoka Tanga na sanduku moja la nguo na kiburi cha kujaza masanduku matatu. Wakanipa timu ya wasichana ya mpira wa pete. Mpira huo nilikuwa nimeucheza mpaka ngazi ya mkoa, basi nikajiona nimeshafika. Kumbe kujua kucheza ni kimoja na kujua kufundisha ni kingine, na akili nyingi huondoa maarifa. Mimi nasema haraka, hata wajukuu wangu wananicheka. Enzi hizo nilikuwa nasema haraka zaidi, tena kwa Kiswahili cha pwani, na wale watoto kwao ni Kiha tangu wanaamka mpaka wanalala. Hilo halikunipitia kichwani hata kidogo. Nikimaliza maelezo nauliza, "Mmeelewa?" Wanaitika wote, macho chini, "Ndiyo, mwalimu." Nami naondoka nimefurahi, nasema watoto wa huku wana adabu bwana.

Adabu walikuwa nayo kweli, isipokuwa mmoja aliyenikera. Sekunda, wa darasa la saba. Kila nikimaliza kusema nasikia mnong'ono nyuma yangu, nikigeuka ni yeye, mdomo unakwenda na mikono inakwenda. Nilimwonya mara mbili. Zikiwa zimebaki wiki mbili twende mjini Kasulu kwenye mashindano ya wilaya, nikaandika orodha ya wachezaji nikamwacha nje. Wewe ni mwalimu, unajua maana yake. Mtoto wa darasa la saba ukimkata, hana mwaka mwingine. Na huyu baba yake alikuwa amemruhusu kwa shida, maana maharage yalikuwa yamekauka shambani yanangoja kung'olewa, na mama yake alishamshonea sketi ya kuchezea.

Orodha ile ilibidi isainiwe na mwalimu wa michezo, mzee Gwasa, Muha wa Heru Juu, mtu wa maneno machache. Akaisoma, hakusaini.

"Binti yangu, nipe siku tatu nikutazame kwanza."

"Uitazame timu?"

"Timu naijua."

Nilikasirika mpaka chakula cha mchana kikanishinda. Nikaona mzee huyu ananichunga kama mwizi. Akaja na benchi la darasani na daftari, akakaa pembeni. Mpira ukienda goli la huku, ananitazama mimi. Ukienda goli la kule, ananitazama mimi. Siku ya kwanza nilijishaua sana, nikapuliza filimbi hata pasipostahili. Siku ya pili nikachoka kujishaua. Siku ya tatu nikamsahau kabisa, na nadhani hiyo ndiyo aliyokuwa anaingoja.

Nilitegemea lawama. Hakunilaumu. Aliniuliza neno moja tu: "Ukishauliza kama wameelewa, huwa unatazama wapi?"

Nyani haoni kundule, mwanangu, na mimi nilikuwa nyani mwenye filimbi shingoni.

"Kesho nafundisha mimi," akasema. "Wewe ukae kwenye benchi. Usitazame mpira. Watazame watoto wakishaitika."

Kesho yake mzee Gwasa akaniiga, na aliniiga barabara, mikono kiunoni, maneno mbiombio. "Mmeelewa?" "Ndiyo, mwalimu." Akageuka akaenda zake, kama nilivyokuwa nageuka mimi. Ndipo nikaona. Wasichana hawakusogea hata hatua moja. Wote walimgeukia Sekunda. Naye akanong'ona kwa Kiha, akachora vumbini kwa kidole cha mguu, huyu asimame hapa, huyu amkabe yule, wadogo wakaitikia kwa vichwa, wakakimbilia nafasi zao. Niliona aibu nikatamani ardhi inimeze. Timu niliyojidai naifundisha ilikuwa inafundishwa na mtoto niliyetaka kumkata.

Nikamuuliza mzee kwa nini hawakuniambia. Akasema kwao mtoto aliyelelewa hamwambii mkubwa kwamba hakueleweka, ni kama kumwambia hajui kazi. Anaitika, kisha anatafuta njia. "Na mbona wewe hukuniambia siku ya kwanza?" Akacheka kidogo. "Mimi ungenibishia. Macho yako utayabishia?"

Nilimwita Sekunda mbele ya wenzake nikamwomba radhi, nikamwambia jina lake limo. Akapiga goti kidogo, akapiga makofi taratibu, ile heshima yao, akasema, "Mwalimu, mimi nilidhani ndiyo kazi uliyonipa." Nililia, sikufichi.

Tangu hapo nikajifunza kusema polepole, kungoja, na kumwomba mmoja anionyeshe kwa miguu nilichosema. Kila Alhamisi mzee Gwasa akawa anakuja na benchi lake, na asipokuja naulizia. Kule Kasulu tulitolewa nusu fainali, kombe hatukuliona. Ila wakati wa mapumziko, tukiwa nyuma kwa magoli mawili, mdogo kuliko wote kwenye timu aliinua kichwa akanitazama usoni. "Mwalimu, hapo sijaelewa. Rudia." Nikarudia, na Sekunda akanywa maji yake kwa raha zake, siku hiyo alikuwa mchezaji tu.

Sasa nasaha yangu ni hii. Mwache mwenzako aje. Kinyozi hajinyoi, na mgeni njoo mwenyeji apone. Mwambie mapema kitu kimoja unachotaka akutazamie, maana jicho lisilotumwa hurudi na kila kitu na halileti kitu. Akikwambia alichoona, usibishe siku hiyo, lala nacho kwanza. Na ikifika zamu yako kumtazama yeye, usiende kuokota makosa. Kaa kimya, muulize, umwache aone mwenyewe, kwa maana mtu haachi kosa aliloambiwa, anaacha kosa aliloliona. Na usimkate mtoto kabla hujajua anafanya nini unapompa mgongo.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mwenzi wa kukutazama bila husuda, akupe masikio yasiyochoka, na akujalie wachezaji wasioogopa kukwambia hawajaelewa.