Phally na Pajama za Kupokea Mwenge

Phally anauza prahok soko la Orussey, na hata aoge kwa sabuni ya waridi, akikupita utajua kapita. Hao samaki wa kuchachisha wamemlea yeye na wanawe wote, na wamempa sauti ya kushindana na mashine ya kusagia barafu. Lakini ukimuulizia mtaani kwetu hakuna atakayekutajia samaki. Watakuambia, aa, yule mama wa mazoezi!

Kila jioni akishafunga meza yake, anapakia spika mbili kwenye mkokoteni na kwenda uwanja wa zamani. Huko juu ukingoni, ngazi zinapoishia, kila kiongozi wa mazoezi ana kipande chake na muziki wake, na miziki yote inapigwa kwa pamoja mpaka masikio yanaomba msamaha. Phally hupanda kwenye tofali moja, anapiga makofi, na wauza mboga, mawakala wa simu, wake za madereva wa bajaji na wastaafu wawili wenye vitambi hujipanga nyuma yake na kuanza kurusha mikono. Mimi huenda kukaa na kuwacheka. Nimeshona nguo maisha yangu yote, mgongo umeshazoea kupinda, sina haja ya kuustua.

Halafu tukapewa mashindano makubwa ya michezo. Nchi zote za ukanda wetu zingekuja kwetu Phnom Penh, kwa mara ya kwanza, baada ya sisi kuwa wageni wa watu miaka nenda rudi. Jamani, mji ulishikwa wazimu! Kingo za barabara zilipakwa rangi, zikakanyagwa, zikapakwa tena. Bendera zilining'inia hadi kwenye nyaya za umeme. Madereva wa bajaji waliokuwa hawasalimii hata mama zao walianza kujifunza "karibu" kwa lugha ya Wathai na ya Wavietnam, wakiisemea kwenye vioo vya pembeni. Jirani yangu muuza wali na nyama ya nguruwe, ambaye hajawahi kukimbia hata akifukuzwa na mvua, alinieleza sheria za mpira wa kikapu tangu ananikabidhi bakuli mpaka namrudishia. Nilikuwa na furaha ya kijinga, siwezi kuificha. Nikishona zipu najikuta naimba.

Uwanja mpya ulikuwa nje ya mji, mkubwa, wa kung'aa. Lakini mwenge ungepita kwenye uwanja wetu wa zamani, na vikundi vya mazoezi vingeupokea kwa kucheza pamoja kwenye nyasi, chini kabisa, mahali ambapo hatukanyagi siku za kawaida. Kikundi cha Phally kilikuwa kimoja kati ya vile vilivyochaguliwa.

Siku aliyopata habari alikuja dukani kwangu bila hata kuvua aproni ya sokoni. Nilidhani atarukaruka. Badala yake alikaa kwenye kiti cha wateja akashika magoti.

"Mwenzangu," alisema, "safari hii mama ataniona."

Nilielewa, kwa sababu hadithi ile naijua. Mwaka sitini na sita, mji wetu ulipopokea wanamichezo wa Asia, dada yake Phally, Sarin, alikuwa kati ya wanafunzi waliocheza kwenye nyasi zilezile. Phally alikuwa mdogo, amepakatwa na mama yao kule juu. Wasichana walikuwa wengi, wote wamevaa nyeupe tupu. Mama akanyoosha kidole, "Yule pale, dada yako!" na Phally akatazama mpaka macho yakauma, akaona weupe tu. Miaka tisa baadaye wapiganaji walioteka nchi waliuhamishia mji wote mashambani kwa nguvu, na Sarin hakurudi. Hakuna picha yake hata moja. Phally akimkumbuka dada yake kwenye sherehe ile, anakumbuka kidole cha mama.

Sasa mama yao, Bibi Huon, ni mzee sana na macho yamefifia. Sura hazioni tena. Anaona rangi, na mtu akitembea anamtambua kwa mwendo.

Basi kijana wa kamati ya mtaa, Vannak, akakiita kikundi, na mimi nikafuata. Ni kijana mzuri, ila wasiwasi umemla mpaka shingo imekuwa nyembamba. "Shangazi zangu," alisema, "kila kikundi kijitafutie sare. Ziwe mpya, safi, za kufanana, za heshima. Na ziwe nyepesi, joto la mwezi wa tano mnalijua."

Hatukubishana hata kidogo. Nguo mpya, nyepesi, ya heshima, suruali na shati vya kitambaa kimoja, inayofaa sokoni, hekaluni kwa haraka na kwenye mazoezi, kwetu sisi ni nini kama si pajama? Mwanamke wa Phnom Penh huvaa pajama mchana kutwa, hununulia samaki nayo, hupeleka watoto shule nayo. Hakuna aliyewaza kitu kingine. Tulinunua kitambaa chekundu chenye maua makubwa ya manjano, na mimi nikazishona zote, kwa kola na mfuko wa kifuani, kazi ambayo hadi leo naitazama na kujipongeza.

Siku ya majaribio tulishuka kwenye nyasi tukijiona malkia. Vikundi vingine vyote vilikuwa na fulana nyeupe. Vannak alitutazama mpaka kalamu ikamponyoka.

"Shangazi Phally, hizi si nguo za kulalia?"

"Nani kakuambia nalala nazo? Mimi nalala na sarong kuukuu ya kujifunga. Nikuletee uione?"

Wanawake wote wakaangua kicheko. Vannak akawa mwekundu kama kitambaa chetu.

"Wageni watadhani tumewatoa kitandani!"

"Basi watajua tumeamka mapema kuwapokea."

"Na mishono umeitazama, mwanangu?" nilidakia, maana hapo nilikuwa nimekwisha kukasirika. "Njoo ushike hii kola. Shika! Hilo fulana lako mfuko wake uko wapi?"

"Mama fundi, mimi mwenyewe nazipenda, mama yangu anazo tano," alisema, karibu alie. "Lakini wakubwa sasa wamesema nyeupe. Fulana zipo kwenye lile sanduku. Vaeni hizo, nawaomba."

Wenzetu walianza kuelekea kwenye sanduku. Phally hakusogea. Alikuwa ameacha kucheka.

"Nyeupe siwezi, mwanangu."

"Kwa nini, Shangazi?"

"Mama yangu haoni sura, anaona rangi. Nikivaa nyeupe kati ya hawa wote nitapotea. Nilishampoteza mtu mmoja humu ndani kwa weupe huohuo."

Hakupandisha sauti. Waliokuwa wameshafika kwenye sanduku walirudi mikono mitupu, mmoja mmoja, wakasimama nyuma yake. Vannak alikuna kichwa, akaenda akarudi, akapiga simu, akakata. Mwishoni alisema: sawa, mtacheza, lakini mstari wa mwisho kabisa, nyuma ya watu wote na nyuma ya bendera, ili kamera zisiwafikie.

Phally alikubali. Tulipofika kwenye kona ya duka langu akasimama. Kutoka jukwaa la mbele, walikowekewa wazee viti, mstari wa mwisho usingeonekana hata na mwenye macho ya mwewe.

"Mwenzangu, nifanyie jambo moja," aliniambia. "Usimpeleke mama jukwaani. Mkalishe kwenye lango la nyuma, pale wanapoegesha magari ya takataka. Angalau aone mgongo wangu."

Roho iliniuma kusikia vile.

Siku ya mwenge mbingu zilifunguka tangu asubuhi. Mvua ya kwanza ya msimu, na nyinyi mnajua mvua ya kwanza inavyoifanya barabara yetu. Ilipokatika, mbele ya uwanja maji yalikuwa ya magoti, viatu vya watoto vinaelea. Lakini watu walikuja! Walikuja na suruali zimekunjwa, na bendera midomoni ili mikono ishike watoto, wakiimba majini. Sijawahi kuupenda mji huu kama nilivyoupenda asubuhi ile. Mimi nilimkalisha Bibi Huon kwenye kiti cha plastiki langoni nyuma, nikamshikia mwavuli, kati ya wafagiaji wawili na gari la takataka lililopambwa kwa riboni.

Kule mbali, kwenye nyasi, vikundi vilijipanga vikitazama lango kuu. Karibu yetu kabisa ulikuwa mstari wa migongo yenye maua ya manjano.

"Yupo?" aliuliza Bibi Huon.

"Yupo, Mama, ule mgongo wa katikati."

"Mm," alijibu, kama mtu aliyeuziwa embe bovu.

Mara ving'ora vikalia. Si mbele. Nyuma yetu! Msafara ulikuwa umeshindwa kupita kwenye maji, madereva wakazunguka, na sasa pikipiki za polisi zilikuwa zinakuja moja kwa moja kwenye lango la magari ya takataka. Wafagiaji walirukia gari lao wakalisogeza, riboni na vyote. Nilivuta kiti cha Bibi Huon pembeni na yeye juu yake. Vannak alitokea anakimbia, fulana imelowa, anapunga mikono yote miwili.

"Geukeni! Geukeni! Mwenge unaingilia huku!"

Uwanja mzima ukageuka. Na waliokuwa wa mwisho wakawa wa kwanza. Mbele ya watu wote, mbele ya bendera na kamera zote, alikuwa Phally na pajama yake, mdomo wazi kwa mshangao. Muziki ulikuwa umeshaanza. Alitutazama sisi kidogo tu, kisha akapiga makofi yake yale ya kila jioni na kupaza ile sauti yake ya kushindana na mashine ya barafu: "Haya mama zangu, mkono wa kulia!"

Walicheza! Mwenge ulipita ukirusha moto, kijana aliyeubeba akicheka waziwazi kwa raha, na yale maua ya manjano yakipanda na kushuka karibu yetu kiasi kwamba matone ya maji yaliturukia usoni. Mpiga picha mmoja mgeni alinikanyaga mguu ili awapate vizuri, na nikamsamehe. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Mwavuli sijui niliutupa wapi.

Muziki ulipokwisha, Phally alitoka mstarini akaja mbio, anahema, nywele zimeganda usoni. Akainama mbele ya kile kiti cha plastiki.

"Mama, umeniona?"

"Nimekuona. Mkono wa kushoto unachelewa."

Phally alicheka, nami nikacheka, hata wafagiaji walicheka. Bibi Huon hakucheka. Alipapasa mpaka akaupata mkono wa bintiye, akaushika.

"Sarin sikumwona," alisema. "Nilinyoosha kidole tu, usije ukalia. Sikumwona hata kidogo. Wewe nimekuona."

Phally akakaa chini palepale langoni, kwenye maji na matope, na ile pajama mpya. Mimi ambaye humgombeza mteja kwa kukunja tu kola yangu, nilimwacha akae.