Dagaa Mmoja Juu ya Pua

Baba alimfundisha mbwa wetu kubeba vitu juu ya pua kwa sababu, alisema, kunifundisha mimi subira kulikuwa kumeshamshinda. Alikuwa mchonga vinyago, mtu wa kusini aliyehamia Temeke akiwa kijana, na hakuna alichokichukia kama haraka. Mimi, binti yake wa pekee, hasira zangu ziko karibu. Nikipika, masufuria yanajua.

Alianza na kibanzi cha mpingo. Alimshika mbwa kidevu kwa vidole viwili, akakiweka kibanzi, akanong'ona, "Tulia." Kikianguka, anakiokota na kuanza upya bila kumkaripia. Baada ya wiki kadhaa akahamia kwenye dagaa mkavu, na hapo ndipo palikuwa na kazi. Mbwa alimkodolea macho yule dagaa mpaka yakaelekea kugongana, udenda ukimtiririka. Aliposikia tu "Kula," alirusha kichwa na kumdaka hewani. Kwa sauti yangu hakutikisa hata sikio.

Jirani yetu, mama wa Kiislamu asiyetaka mbwa amguse khanga, alikuwa akitazama kutoka mlangoni kwake. "Mzee, huyo ana subira kuliko sie tunaofunga," alisema, na baba akacheka mpaka jioni.

Kisha kiharusi kikampata. Mkono wa kulia ukapooza, mdomo ukaenda upande, maneno yakampotea yote. Hospitali waliniambia nimzoeshe kusema neno mojamoja. Kila nikimwambia, "Baba, sema maji," alinigeuzia mgongo. Alinionea aibu mimi niliyemjua akisema.

Asubuhi moja nilimkuta barazani na mbwa. Kwa mkono wa kushoto alikuwa amemwekea dagaa puani, na mbwa ametulia, anasubiri.

"Ku," baba alisema. "Ku."

Jasho lilimtoka. Alipochoka alimwondoa dagaa, akamrudisha kwenye kopo. Ikawa hivyo kila asubuhi, nami nikichungulia nyuma ya pazia bila kuthubutu kukohoa. Wiki ya tatu nikasikia "kul." Nilikaa chini jikoni nikalia. Niliamini kabisa kwamba baba anarudi.

Siku mbili baadaye uji ulinifurikia, mkaa ukazimika, nami nilishachelewa kibaruani. Barazani ilikuwa ni kul, kul, kul, bila kwisha. Mbwa alikuwa anatetemeka. Ningependa kusema nilimhurumia mbwa, lakini nilichoka tu. Nikatoa kichwa mlangoni.

"Kula," nikasema.

Na mbwa, ambaye hakuwahi kunitii hata siku moja, akarusha kichwa akamdaka.

Baba alimtazama akitafuna, kisha akanitazama mimi. Akafunika kopo. Hakukasirika, angekasirika ningepata nafuu. Hakujaribu tena, wala kwa mbwa wala kwangu, na tulimzika kabla ya mvua za vuli.

Mbwa bado yupo, amezeeka. Jioni nikirudi namwekea dagaa puani. Anatulia, nasema neno, anakula. Siku hizi ananitii mara moja, na kila akinitii namchukia kidogo, kwa sababu angenikatalia asubuhi ile moja tu, baba angemaliza neno lake.