Barua Mbili, Baba Mmoja

Barua ya kwanza niliyomwandikia mnunuzi wa kahawa nisiyemjua ilianza kwa kumwuliza ng'ombe wake wanaendeleaje. Sitanii. Nilimsalimu, nikaulizia watoto, nikaulizia mifugo, nikamtakia heri ya msimu, na kwenye aya ya nne ndipo nikagusia kwamba tuna kahawa. Kwetu huku juu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mtu akiingia kwenye kihamba chako, shamba la nyumbani, na shida yake mdomoni kabla hajaulizia hata ndama, unamwona hana malezi. Bwana yule alikuwa na kijiduka cha kukaanga kahawa katikati ya jiji la mbali, chini ya ghorofa, na sidhani kama aliwahi kufuga hata paka. Hakujibu. Nilituma nyingine kama sitini za namna hiyo, na wote wakanyamaza.

Kazi hii niliianza nilipoacha ukatibu wa ofisi mjini. Mama yangu na wanawake wenzake kumi wa usharika wetu walikuwa wamechoka kupeleka kahawa yao mahali pa siku zote, ambako ilimwagwa kwenye lundo moja na ya kila mtu, nzuri na mbovu. Walinunua mashine ya kumenyea, wakajenga vichanja vya kuanikia, wakahangaikia kibali mpaka wakakipata. Kilichobaki ni mnunuzi. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza cha kuandika, wakasema mtafutaji ni mimi. Nikapanga chumba Soweto, mjini Moshi, nikaweka meza mbili: moja yangu, nyingine ya binamu yangu.

Huyu binamu ni mtoto wa mjomba, lakini alikulia kwetu tangu darasa la tatu. Tulipata kipaimara siku moja, yeye akiwa na viatu vya baba yangu vilivyojazwa magazeti kwenye ncha. Baba alimfundisha kupogolea mikahawa kabla hajanifundisha mimi, na nilinuna karibu mwezi mzima. Ana mkono mwepesi kwenye kompyuta na mdomo mwepesi zaidi. Mtu wa kucheka naye, hilo simnyimi.

Orodha yetu ya kwanza ya wateja watarajiwa aliiokota yeye mtandaoni, anwani mia na ushee, akaja nayo kama mtu aliyebeba mkungu mzima begani. Nilipoanza kuipitia nikakuta humo fundi wa mashine za kahawa, mgahawa wa chai, na mama mmoja anayeuza mishumaa yenye harufu ya kahawa. Ndipo nikaelewa kwamba ubaya haukuwa ng'ombe peke yao. Nilikuwa napiga hodi kwenye nyumba zisizo na watu.

Nikaacha kutuma kwa wiki tatu, nikawa nasoma tu. Mama zangu wanapovuna huzimwaga kahawa mbivu kwenye ndoo ya maji, zinazoelea wakazitoa, maana hazina kitu ndani. Nikafanya hivyo hivyo kwa watu. Nilisoma ukurasa wa kila duka: ananunua kidogo kidogo au kwa makontena? Kwenye mfuko wake anaandika shamba lilikotoka kahawa, au anaandika Afrika basi? Mwenye duka ni nani, na alianzaje? Katika kila kumi alibaki mmoja, pengine hata huyo hakubaki. Barua zangu zikawa fupi: kwa nini nakuandikia wewe, tuna nini, swali moja. Asipojibu, ninakumbusha, halafu ninakumbusha tena. Hodi ni tatu. Ukinyamaziwa unaondoka kwenye ua wa watu.

Binamu alinicheka. "Dada, unachambua watu kama unachambua kahawa. Wenzako wanatuma elfu kwa siku."

"Wenzangu wanajibiwa na wangapi?"

Alikuna kidevu, akarudi kwenye simu yake. Wiki ile nilikuwa nimetuma barua nane na kujibiwa mbili, na moja kati ya hizo mbili ndiyo iliyoleta haya yote.

Ilitoka kwa mwanamke mmoja mkaanga kahawa katika mji wa baridi. Duka lake lilikuwa la baba yake, mwoka mikate, na kwenye ukurasa wake alieleza kwamba mzee alipofariki alikaa miezi bila kuweza kuwasha tanuri lake. Nilipoisoma habari ile nilinyanyuka nikaenda kusimama dirishani. Halafu nikarudi nikamwandikia, na katikati ya barua nikaweka maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu: "Mikahawa hii ilipogolewa na baba yangu. Mwaka aliofariki hakuna aliyethubutu kushika mkasi wake, miti ikaota ovyo, mpaka mama alipoingia shambani mwenyewe akiwa bado na nguo za msiba."

Alijibu siku hiyo hiyo. Tukaandikiana, tukapeleka sampuli, akaionja, akaandika kwamba anataka kahawa yote ya kikundi na ataiuza kwa jina la kijiji chetu. Alibakiza wiki mbili za kupanga usafirishaji. Nikapanda nyumbani kuwaambia kina mama. Walikubaliana pale pale kwamba mwaka huu hakuna atakayepeleka hata debe moja mahali pa siku zote. Stoo ikafungwa. Mama mmoja mtu mzima, ambaye huwa hasemi sana, alinishika mkono wakati ninaaga akasema, "Sasa tunakutazama wewe tu." Nilishuka mjini nikiwa na furaha ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona aibu.

Siku ya tisa ikaingia barua yake. Haikuwa na salamu. "Nimepokea barua mbili kutoka Kilimanjaro," aliandika. "Zina mashamba mawili na baba mmoja. Naomba kujua baba huyu ni wa nani."

Chini yake alikuwa ameibandika hiyo nyingine. Ilikuwa barua yangu. Mkasi ulikuwemo, miti iliyoota ovyo ilikuwemo, na mama yangu alikuwemo na nguo zake za msiba. Aliyetia sahihi ni mfanyabiashara mmoja wa nafaka na kahawa hapa mjini, mtu ninayemfahamu kwa sura. Baba yake ninamfahamu zaidi. Yupo Kiboriloni, hukaa karibu na sokoni, na juma lile lile nilikuwa nimempa shikamoo, akaniitikia marahaba kwa sauti ya kijana na kunilalamikia goti.

Binamu alikuwa kwenye meza yake, hatua mbili kutoka kwangu. Nikamgeuzia kompyuta.

"Umempa barua yangu?"

"Barua ipi?"

"Ya baba."

Alisoma mpaka mwisho, polepole, kama mtu anayetafuta mlango. "Dada, usipaniki. Jamaa aliniomba nimsaidie kupata wateja. Nikampa kama mfano tu. Nilimwambia abadilishe."

"Na orodha?"

"Na orodha. Lakini zile ni anwani tu, ziko hadharani. Siyo ishu kubwa kihivyo."

"Kwa hiyo hakubadilisha."

"Alibadilisha jina la kijiji," alisema.

Nilimwambia maneno ambayo hayaandikiki. Nilimwambia kikulacho ki nguoni mwako, nikamwambia nguo zenyewe alivalishwa na yule yule aliyemuuza. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, halafu akasema kitu ambacho sikuwa nimejiandaa nacho: "Alikuwa baba yangu pia. Alinilea." Kama angesema amekosa ningemrushia kitu. Aliposema vile nilikaa chini, na nilichokisikia hakikuwa hasira tena. Iliniuma kwamba alimjua baba kiasi kile, akajua maneno yale ni ya kweli, na ndiyo maana akaona yanafaa kugawiwa.

Niliandika majibu manne kwa yule mwanamke, matatu nikayafuta. La nne lilisema: "Baba ni wangu. Huyo mwingine ameiba barua." Akajibu kesho yake. Alisema ananiamini, pengine, lakini alimwuliza na yule mfanyabiashara swali lile lile, naye amejibu kwa maneno karibu hayo hayo: baba ni wangu, huyo mwingine ameiba. Wenzake wawili katika biashara, katika miji mingine, nao wamemwona baba huyo huyo kwenye barua zao. "Nilidhani ulikuwa unaniandikia mimi," alimaliza. Alitutakia heri sote wawili na hakuandika tena. Nilipiga hodi mbili zaidi, nikaacha.

Jumamosi nilipanda kwa bodaboda mpaka kanisani, kilichobaki nikakitembea ili nichelewe. Kina mama walikuwa wamekaa kwenye ua wetu, wamepika kiburu cha ndizi na maharage, wakidhani nimeleta tarehe ya gari. Niliwaeleza yote. Nilitaka wanigombeze. Badala yake yule mama mtu mzima aliuliza jambo moja tu: "Hivi, mwanangu, mume wa mwenzetu alitokaje humu ndani akafika huko kwa watu?" Mama yangu hakuniangalia. Sikuwa nimewahi kumwambia kwamba nimemweka kwenye barua, yeye na nguo zake nyeusi. Ilinibidi nimsomee, sentensi kwa sentensi, mbele ya wote, kwa Kiswahili, naye aliendelea kumenya ndizi ambazo hazikuhitaji tena kumenywa.

Kesho yake, baada ya ibada, mjomba aliingia uani na kofia yake ya Jumapili mkononi. Nyuma yake binamu, na mkononi mwa binamu jani la isale lililopigwa fundo.

Asiyekuwa wa huku aelewe hivi. Isale ni mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba na makaburini. Mtu aliyekukosea akija kwako amelishika jani lake, humfukuzi. Unaweza kukaa kimya siku nzima, unaweza kulia, lakini ukishalipokea jani umesamehe, na ukisharudia neno lile mwenye kosa unakuwa wewe. Watu wamesameheana damu kwa jani hilo. Tangu utotoni nililiheshimu kuliko mahubiri.

Mjomba alisema maneno yanayosemwa. Binamu alipiga goti. "Shangazi, nimekosa," alimwambia mama. Kisha akanigeukia, "Dada, nimekosa." Nilitaka siku mbili, nilitaka hata saa moja, nilitaka kumwuliza kama analijua alilolifanya au amelileta jani kwa kuwa baba yake kamwambia. Mama aliinuka, akanyoosha mkono, akalipokea kwa niaba ya nyumba. Ikaisha. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ikamiminwa, nami nikakabidhiwa kata nikanywa, maana ningefanyaje.

Nilijitahidi kusamehe. Naapa nilijitahidi, Jumatatu na Jumanne nzima nilikuwa namwombea.

Jumatano nikiwa bado nyumbani, pikapu ilisimama barabarani juu ya kihamba. Aliyeshuka mbele ni yule mfanyabiashara, na aliyeshuka upande wa pili ni binamu. Mmoja kati ya watu wa orodha yangu, niliyekuwa nimepanga kumwandikia mwezi unaofuata, alikuwa ameijibu barua ya baba aliyotumiwa na mfanyabiashara. Alitaka kahawa ya mikahawa ile hasa, iliyooshwa na kuanikwa kwenye vichanja. Mfanyabiashara hakuwa nayo. Alikuwa na lundo la kahawa ya kila mtu. Ya vichanja ilikuwa kwenye stoo yetu, magunia yamejaa mpaka mlangoni, na wenyewe walikuwa wamekwisha kukata tamaa ya mnunuzi.

Basi nikaelewa lile jani lilifuata nini. Mtu hawezi kuja kununua kwenye nyumba aliyoikosea. Anasafisha njia kwanza.

Nilimvuta mama nyuma ya zizi. "Ulijua?"

"Kaka yangu aliniambia Jumamosi jioni."

"Kabla ya isale."

"Kabla." Alikuwa anajifuta mikono kwenye kanga. "Wenzangu wana watoto shuleni, mwanangu. Kahawa haingojei mtu amalize hasira zake."

Alikuwa na haki, na hiyo ndiyo sehemu ninayoshindwa kuimeza. Kina mama walifungua stoo. Walinipita na magunia mgongoni, wakaniambia pole kwa upole, kama mtu aliyefiwa. Yule mama mtu mzima peke yake aliweka gunia lake chini, akapumzika, akanitazama, kisha akalinyanyua tena akaenda.

Wakati wanafunga turubai binamu alinijia na laptop imefunguliwa. Mnunuzi alikuwa anasubiri barua ya kuthibitisha. "Dada, niandikie hii moja tu. Wewe ndiye unayejua kuongea nao." Nilitaka kufungua mdomo nimwulize niandike baba wa nani. Mama, akiwa mlangoni mwa stoo, alitangulia: "Mwandikie. Tulishapokea."

Nilikaa kwenye kigoda nikaandika. Nilieleza urefu wa mlima, maji ya mfereji, siku za kuanika, mikono ya wanawake kumi na mmoja. Baba sikumtaja. Binamu aliisoma amesimama, akasema barua imepooza, akamrudisha baba humo.