Kifaransa cha Mama Mkwe

Nilipoolewa nilikuwa najua lugha nne, na hakuna hata moja iliyonifaa mezani kwetu siku za Jumapili. Nilikuwa na Kinyarwanda cha nyumbani, Kiswahili cha Karagwe nilikozaliwa, Kiingereza ninachofundishia darasani, na Kihaya kidogo cha kuchezea rede na watoto wa jirani. Mume wangu na watu wake walikuwa Wanyarwanda waliorudi kutoka Kongo. Mama yake alifundisha Kifaransa Goma kwa miaka mingi, akawalea watoto wake wawili, mume wangu na dada yake, kwa lugha hiyohiyo, hivi kwamba hata ugomvi wao ulikuwa na sarufi.

Mama mkwe aliishi nasi. Wifi yangu alikaa Rubona, na kila Jumapili baada ya ibada alikuja kula kwetu. Mazungumzo yalianza kwa Kinyarwanda, kwa heshima yangu. Sahani ya sambaza, visamaki vya ziwani, ikishazunguka mara moja, Kifaransa kilikuwa kimeingia, kwanza neno, halafu sentensi, mwisho kikaketi kabisa. Sidhani walikusudia kunitenga. Ndiyo lugha waliyojifunzia kucheka. Mimi nilicheka walipocheka, nikichelewa kidogo, na nilijua kwamba ninachelewa.

Jumapili moja binti yangu, aliyekuwa na miaka sita, aliniinamia akaninong'oneza kwamba bibi anauliza kama kuna chumvi zaidi. Mimi mwalimu, natafsiriwa na mtoto ambaye bado namchana nywele. Kesho yake nilimwomba mwenzangu wa shuleni anirushie kwenye simu kozi ya Kifaransa cha kusikiliza aliyokuwa nayo.

Ilikuwa kozi nzuri, siwezi kuilaumu. Kila somo lilikuwa na maongezi mafupi ya mtu na mtu: mwanamke ananunua mkate, mwanamume amepotea njia akitafuta stesheni ya treni. Unasikiliza bila kusoma, unaandika ulichosikia, halafu unafungua maandishi na kulinganisha. Kisha maongezi yaleyale yanarudiwa kwa kasi, jinsi watu wanavyoongea kweli, wakimeza nusu ya maneno. Nilisikiliza asubuhi nikitembea kwenda shule kwa barabara ya ziwani, vipokea sauti masikioni, na jioni nikimenya viazi. Sikumwambia mtu. Nilitaka siku moja niingilie maongezi yao katikati, kwa sentensi iliyonyooka, waniangalie.

Mama mkwe aligundua haraka. Mwalimu hapotezi sikio. Alinikuta jikoni nikirudia maneno chini kwa chini, akavuta kigoda akaketi. Kwangu aliongea Kiswahili cha kwao.

"Kumbe unajifunza Français," alisema. "Acha hiyo simu, mutoto yangu. Mi niko hapa. Kila siku tuongee kidogo, saa moja tu."

Nilimshukuru, nikamwambia asijisumbue, kozi inanitosha. Aliniangalia, akaitikia kwa kichwa, akachukua kisu kingine akaanza kumenya viazi pamoja nami. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Sikutaka asikie ninavyoyavunja maneno, kisha Jumapili akae mezani akiwa anayajua makosa yangu yote. Simu haikunicheka. Nikarudisha vipokea sauti masikioni, na tukamaliza viazi bila kusemezana.

Baada ya miezi mitano hivi, nilianza kushika vipande. Nilijua wanapoongelea bei, wanapoongelea marehemu baba mkwe, wanapomsema mchungaji. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, nilipokuwa nimejua nusu.

Jumapili hiyo nilikuwa natoka jikoni na chupa ya chai. Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi kidogo. Mama mkwe alikuwa akiongea kwa sauti ya chini, kavu, ile ya kugombeza darasa, na watoto wake wawili walimsikiliza. Nilisimama nikatega sikio kama kozi ilivyonifundisha. Nikasikia: "Elle est dure." Halafu maneno yaliyopita mbio. Halafu, wazi kabisa: "Elle ne dit rien."

Nililijua kila neno. Yeye ni mgumu, mwenye roho ngumu. Hasemi kitu. Nani mwingine katika nyumba ile alikuwa hasemi kitu mezani? Niliingia na chai, mama mkwe akakatiza maneno, na wifi yangu akainamisha uso. Kwangu huo ulikuwa ushahidi tosha. Nilimimina chai vikombe vyote bila kumwaga hata tone, nikaenda kulaza mtoto ambaye hakuwa na usingizi.

Somo la kwanza kabisa la kozi ile linafundisha sentensi ya kumwomba mtu arudie alichosema. Niliijua vizuri mno. Ningeweza kuitamka pale mlangoni, hata kwa lafudhi mbaya, na mambo yakaishia hapo.

Sikumwambia mume wangu. Nilianza kumpa mama mkwe kile alichokuwa, kwa hesabu yangu, ameshanipa. Sikumkosea heshima hata siku moja. Hapo ndipo palipokuwa na ukatili wangu. Maji ya kuoga nilimpelekea. Chakula nilimtengea kwanza. Nilimjibu "ndiyo, mama" na "hapana, mama", basi. Alipokuja na kigoda chake jikoni, nilikuwa na vipokea sauti masikioni, na mara nyingine hakukuwa na somo lolote linalocheza. Alijaribu kunisimulia habari za sokoni, kisha za ujana wake, kisha akaacha kuja.

Hali hiyo ilikwenda karibu mwaka mzima. Siku moja alisema kwamba wifi yangu yuko peke yake kule Rubona, nyumba ni kubwa, na hewa ya kule itamfaa kifua kilichokuwa kimeanza kumsumbua. Mume wangu alishangaa. Mimi nilimfungia mizigo. Nilizikunja nguo zake vizuri, nikamfungashia maharage na unga, na ndani ya moyo nilihisi nimeshinda jambo.

Kifua hakikupona. Alianza kulala hospitalini mara kwa mara, halafu akarudishwa nyumbani kwa wifi. Tulikwenda kumwona Jumamosi moja, na kwa wakati huo nilikuwa nimemaliza kozi yote na kuanza nyingine ngumu zaidi. Alipokuwa akiongea na binti yake nilimwelewa karibu yote, hata pumzi ilipomkatisha. Aliulizia dawa. Aliuliza kama kuku wamefungiwa. Aliuliza kwa Kifaransa kama nimekula, na wifi yangu akaanza kunitafsiria, nami nikajibu moja kwa moja, kwa Kifaransa, kwamba nimekula, ahsante.

Mama mkwe alinigeukia. "Tiens," alisema taratibu, yaani kumbe. "Amefika."

Alitaka kuendelea kuongea nami, niliona. Alininyooshea mkono. Niliushika kwa muda unaotosha kwa heshima, kisha nikasema tunawahi gari. Alifariki siku kumi na moja baadaye.

Karibu mwaka mmoja baada ya mazishi, tulikuwa tunachambua sombe, yaani kisamvu, uani, mimi na wifi yangu. Siku hizi tunaongea Kifaransa tukiwa wawili, kwa sababu yeye anapenda na mimi naweza. Sijui kilichonisukuma. Nilimwambia kwamba najua mama yake hakunipenda, na kwamba nilimsikia kwa masikio yangu akisema mimi ni mgumu. Nikamtajia siku, chupa ya chai, na yale maneno.

Aliacha kuchambua. Aliniomba niyarudie, nikayarudia. Akaniangalia kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo.

"Hapana," alisema, sasa kwa Kiswahili. "Mama hakusema vile. Mi nakumbuka ile siku, maana alitugombeza sana. Alisema elle endure. Anavumilia. Alisema, huyu mutoto anavumilia kila Jumapili na hasemi kitu, na nyinyi hamuone haya. Alitukataza Français kwa meza."

Elle endure. Elle est dure. Yaseme haraka, kwa sauti ya chini, nyuma ya mlango. Tofauti yake ni sauti moja ndogo inayopita puani, na kozi ina somo zima la sauti hizo, jozi kwa jozi. Nililiruka kwa sababu lilikuwa la kuchosha, halina maongezi ndani yake.

Ndipo nilipokumbuka pia kwamba baada ya Jumapili ile Kifaransa kilipungua mezani. Kwa miezi kadhaa waliongea Kinyarwanda mpaka mwisho wa chakula, wakijikwaa, na mimi nilidhani wamejua naelewa Kifaransa na wananificha wanayonisema.

Wifi yangu hakunilaumu. Alinishika bega, akasema mama alikuwa na sauti ya kuogopesha hata akisifu. Nilimwomba asimwambie kaka yake, nikasema nitamwambia mwenyewe, na nilifanya hivyo jioni ileile, kabla ujasiri haujaniisha.

Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Alijikuna kiganja, tabia yake anapotafuta maneno. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Wiki chache kabla ya kuhamia Rubona, mama yake alimwita chumbani akamuuliza amenikosea nini. Alitaka kujua ili aombe msamaha. Mume wangu alimjibu kwamba hajakosea chochote, kwamba ni uchovu wa shule, mitihani imekaribia.

"Nilijibu ili anyamaze," alisema. "Sikukuuliza. Nilikuwa nimechoka na mimi."

Sikuweza kumlaumu kwa kutouliza. Baadaye alisimama akaenda kuangalia kama geti limefungwa, na aliporudi alinikuta bado nimekaa palepale. Aliketi karibu nami, tukaongea habari za mama yake mpaka tukachoka, kwa Kinyarwanda.